Kigae Kilichocheza Mlangoni

Mlango wa kutoka sebuleni kwenda kwenye ujia ulianza kusugua sakafu miezi michache tu baada ya sisi kuhamia katika nyumba ile, nami, kwa kuwa mlango ndio uliokuwa ukipiga kelele, niliamini kwamba kosa lilikuwa la mlango. Nilikaza skrubu za bawaba bila mafanikio. Kisha niliung'oa mlango wenyewe, nikaulaza juu ya meza na kuupiga randa upande wa chini hadi nikapunguza karibu milimita 4, na kwa wiki mbili ulifunguka na kufungwa bila sauti, jambo lililonifanya nijione fundi. Wiki ya tatu ukaanza upya, safari hii ukikwaruza mahali pamoja tu, kwenye pembe ya kigae kimoja upande wa ujia, hatua moja kutoka kizingitini. Nikaupiga randa mara ya pili.

Aliyenitoa katika ujinga huo ni mama yangu, ambaye alikuja kututembelea na siku ya kwanza tu akajikwaa palepale. Hakuanguka, lakini alirudi nyuma, akakikanyaga kile kigae kwa kisigino, kisha kwa vidole, halafu akaniambia kwa utulivu, "Mwanangu, hiki kigae kinacheza." Nilipoinama nikaona kwamba ni kweli: kila alipokanyaga upande mmoja, pembe ya pili iliinuka kidogo sana. Chenga za grauti iliyovunjika, yaani ule ujazo wa mistari kati ya vigae, zilikuwa zikiingia chini yake siku baada ya siku na kuizuia pembe ile isirudi chini. Nilikuwa nimeukata mlango mara mbili kwa kosa la sakafu.

Jioni ile nilichukua bisibisi nzito na kuanza kugonga vigae kwa mpini wake, kimoja baada ya kingine, kutoka sebuleni kuelekea kwenye ujia. Kigae kilicholala vizuri hutoa mlio mfupi na mzito, kama kugonga jiwe, ilhali kilicho na nafasi tupu chini yake hulia kama mtungi usio na maji. Vya sebuleni vilikuwa salama, isipokuwa viwili vitatu vilivyolia kwenye pembe, na hivyo niliamua kuviacha. Ila pale mlangoni, vigae viwili vya kwanza vya ujia na ule ukanda mwembamba uliowekwa kuziba pengo kati ya sakafu hizo mbili, wenye upana wa sentimita 4 tu, vyote vililia vitupu.

Fundi aliyeziweka sakafu zile alianza sebuleni, na siku iliyofuata akaanza ujia kutoka mwisho wa pili akirudi kuelekea mlangoni, bila kuvuta uzi wa kuunganisha mistari ya vyumba hivyo viwili. Alipofika kizingitini aligundua kwamba sakafu zinapishana kwa milimita 4 kwa kimo, na kwamba nafasi iliyobaki haitoshi kigae kizima, basi akakata ule ukanda, akaulaza kwa mshazari na kuziba kingo kwa grauti nene. Sitamtetea, lakini ni haki niseme pia kwamba mimi ndiye niliyempigia simu kila asubuhi nikimtaka amalize kabla ya siku ya kuhama.

Kabla ya kuvunja chochote nilimwomba fundi mmoja mzee niliyemfahamu apite kuangalia. Hakutoa kifaa chochote. Aliniambia nisimame sebuleni, nifunge mlango, kisha nimweleze ninachokiona chini.

"Naona ule ukanda mwembamba, mzee," nilimjibu.

"Hukupaswa kuuona," alisema. "Mstari wa kukutanisha sakafu mbili unakaa chini ya ubao wa mlango. Mlango ukifungwa, kila chumba kinabaki na sakafu yake."

Alipima kwa kiganja, akachora mstari wa penseli kwenye fremu, akaenda zake.

Kazi ya kung'oa niliifanya mwenyewe, nikiwa nimevaa miwani ya kinga na barakoa. Nilikwangua grauti yote kuzunguka sehemu mbovu kwanza, kwa sababu patasi inayoanza kugongwa kabla mstari haujaachana husukuma nguvu zake hadi kwenye kigae cha jirani ambacho hakina kosa lolote. Kile kigae kilichokuwa kikicheza kilitoka kwa mkono, bila nyundo. Nilipokigeuza nilikaa chini nikakitazama kwa muda mrefu: mgongo wake ulikuwa safi kama siku kilipotolewa kwenye boksi, ukiwa bado na vumbi jeupe la kiwandani, huku sakafuni yakibaki madonge matano ya saruji, manne kwenye pembe na moja katikati, yaliyoshika zege barabara lakini hayakukishika kigae kabisa. Vigae vile vilikuwa vya kaure, ambavyo hunywa maji chini ya asilimia 0.5 ya uzito wake, na saruji tupu haina pa kupenya katika mgongo wa namna hiyo. Mgongo kama huo unahitaji gundi ya vigae iliyochanganywa kwa ajili hiyo. Zaidi ya hayo, kati ya donge na donge palikuwa na hewa tu, na mlangoni ndipo kila mtu wa nyumba hukanyaga, mara nyingi kwa siku, mahali palepale.

Nilibomoa madonge, nikafagia, nikafuta vumbi kwa sifongo chenye maji, kisha nikasawazisha mabonde kwa mchanganyiko wa sehemu 3 za mchanga kwa sehemu 1 ya saruji na kuuacha ukauke. Siku hizo tulipita juu ya ubao mpana uliolazwa kutoka sebuleni hadi kwenye ujia, na watoto waliufurahia kuliko mimi.

Ukataji ulinitia hofu. Badala ya ukanda wa sentimita 4 nilihitaji vipande vya karibu sentimita 13 vya kuingia mlangoni hadi kwenye mstari wa mzee, na vigae vya ujia vilivyopunguzwa hadi sentimita 31, kutoka katika akiba ya vigae vinne tu. Cha kwanza kilipasuka kwa sababu niliharakisha diski karibu na ukingo, mahali ambapo kigae huwa dhaifu zaidi. Vilivyobaki nilivikata polepole, nikimwagia maji kuzuia vumbi, nami nilikuwa nikihesabu kila pumzi.

Gundi niliitandaza kwa mwiko wenye meno ya milimita 10, mistari yote ikielekea upande mmoja, na nikapaka nyingine nyembamba kwenye mgongo wa kigae. Cha kwanza nilikibandika, nikakisukuma huku na huku, kisha nikakiinua makusudi ili nione: gundi ilikuwa imeenea karibu kote. Nikakirudisha. Kwa pima maji na nyundo ya mpira nilizigawa zile milimita 4 katika urefu wa kigae kizima cha ujia, hata ukucha wangu ukapita juu ya mistari bila kukwama. Kesho yake nilijaza grauti, isipokuwa kwenye mstari wa chini ya mlango, ambao niliujaza silikoni ili sakafu hizo mbili zipate pa kutanukia.

Mama alivikanyaga kwa kisigino, kisha kwa vidole, akaitikia kwa kichwa. Mlango niliurudisha jioni, nao haugusi chochote, kwa kuwa sakafu sasa imeshuka na ubao niliupunguza mara mbili. Usiku, taa ya ujia inapowashwa, mwanga hupenya chini yake kwa kimo cha kidole na kujilaza juu ya vipande vipya, na baridi hupitia hapohapo.