Nne au Tano

Daktari alichana boksi la glovu lililokwisha, akaanza kujumlisha pointi za hatari ya saratani ya Baba kurudi, kwa kalamu ya bluu, upande wa ndani usio na maandishi. Baba alikuwa ameshika ubavu, pale alipopasuliwa kutolewa figo ya kushoto miezi miwili nyuma. Ilikuwa 2019, kwenye kliniki moja pale Mwanga, Kigoma mjini. Nje mama ntilie alikuwa anakaanga migebuka, na harufu ilitufikia hadi mle ndani.

"Mzee, uvimbe ulikuwa sentimita 8 na nusu, haukutoka nje ya figo. Hapo pointi 3. Tezi za limfu hazikuonyesha tatizo, 0. Ungefika sentimita 10 ningeongeza 1, haukufika. Daraja la ukali wa seli ni la 3, pointi 1."

Akapiga mstari, akaandika 4. Kisha akayarudia majibu ya maabara ya ule uvimbe mara mbili, midomo ikichezacheza. Lilibaki swali moja: je, ndani ya uvimbe kulikuwa na sehemu iliyokufa? Kama ipo, inaongezwa 1. Waliopima hawakuandika ndiyo wala hapana.

Hasira zilinipanda. Tumelipa, tumesubiri wiki sita, halafu mtu karuka mstari mmoja! Mimi ni mwalimu wa hisabati. Mwanafunzi akiruka swali simwonei huruma.

"Nne au tano, kapu ni lilelile," daktari akanituliza. Kuanzia 0 hadi 2 hatari ya kurudi ni ndogo, 3 hadi 5 ni ya kati, 6 kwenda juu ni kubwa. Hesabu hiyo ilitengenezwa Mayo Clinic kule Marekani, ikachapishwa 2003, kutokana na wagonjwa 1,671 waliokuwa na aina hiyohiyo ya saratani ya figo kama Baba, iitwayo ya seli angavu. Wa kapu la kati, miaka 5 baada ya upasuaji, karibu 74 katika kila 100 saratani ilikuwa haijasambaa.

Nami mwalimu mzima nikaisikia 74 kama maksi. B, moja tu ingefika A. Nikashusha pumzi.

"Kwa hiyo 26 iliwarudia," Baba akasema. Hakuwa anauliza. Amenunua dagaa Kibirizi maisha yake yote, na gunia la dagaa yeye huanza kulipekua chini, ambako mchanga hujificha.

"Ndiyo, mzee. Na hii haisemi wewe uko upande upi. Inanisaidia kujua nikuchungulie mara ngapi."

Kipimo cha picha cha CT, cha kifua na tumbo, kila miezi 6 kwa miaka ya mwanzo, maana saratani hii ikirudi hupenda sana mapafu. Na vile vidonge vya maumivu ya mgongo anavyojinunulia duka la dawa, basi tena, figo imebaki moja. Habari ya vidonge ilimuudhi Baba kuliko ile 26.

Mimi nilikuwa bado na simu mkononi, natafuta namba ya waliopima.

"Mama, ukiijua hiyo pointi moja, nitahama kapu?"

"Hapana, Baba."

"Basi tunza vocha yako."

Nilipiga kesho yake, kwa siri. Haikupokelewa.

Tulipofika kwenye tarehe ya kipimo, Baba akauliza, "Siku hiyo kutakuwa na giza?" Daktari, ambaye hakukulia ziwani, akamhakikishia kwamba hospitali ina jenereta. Ikabidi nieleze: mwezi usipokuwepo ndipo wavuvi huwasha taa na dagaa wakazifuata, na siku hizo Baba haondoki mwaloni hata kwa msiba wa jirani. Tukafungua kalenda ya simu, tukahesabu usiku mmoja mmoja, tukaisogeza hadi mbalamwezi.

Baba akaomba lile boksi. Akalikunja mara mbili, akalichomeka kwenye daftari la madeni, kwenye ukurasa wa wale ambao bado hawajalipa.