Nilivyojifunza kutonyamaza katika shule ya binti yangu nchini Ufini

Binti yangu alianza shule mjini Tampere mnamo Januari 2022, akiwa na umri wa miaka 9, wiki chache baada ya kuhama kwetu kutoka Tanga. Nilikuwa nimetenga fedha za sare, madaftari na michango, na zote zilibaki mkobani, kwa kuwa hapakuwa na sare, vitabu na kalamu vilitolewa na shule, na chakula cha mchana kilikuwa bure kwa kila mtoto, utaratibu ambao Ufini imekuwa nao tangu 1948. Watoto walivua viatu mlangoni na kuingia darasani na soksi, jambo lililonifurahisha kwa kuwa ndivyo tunavyofanya nyumbani. Baada ya somo walivaa tena makoti na kutoka nje kucheza, hata siku ambayo baridi ilikuwa nyuzi 12 chini ya sifuri. Hayo niliyazoea haraka. Kilichonichukua takriban miaka miwili ni kujua kwamba shule ile ilikuwa ikinisubiri mimi niseme.

Mwaka wa kwanza aliusoma katika darasa la maandalizi, ambalo ni la watoto wasiojua Kifini cha kutosha. Kwa umri wake sheria inampa mtoto saa 900 za mafundisho ya namna hiyo, na katika muda huo hupelekwa pia katika darasa la kawaida kwa masomo anayoweza kuyafuata mapema. Kwake yalikuwa hisabati, michezo na kazi za mikono, na siku moja alirudi nyumbani na kibao cha kukatia vitunguu alichokiranda mwenyewe. Nikadhani mambo yanakwenda vizuri. Januari 2023 alihamia moja kwa moja katika darasa la 4, akaendelea kusoma Kifini kwa mtaala wa lugha ya pili.

Kikao changu cha kwanza na mwalimu wa darasa hilo kilikuwa na mkalimani kwenye simu, aliyegharamiwa na shule. Kiswahili chake cha Bukavu na changu cha Tanga vilipishana hapa na pale, lakini tulielewana. Swali lililotukwamisha lilikuwa langu. Niliuliza binti yangu amekuwa wa ngapi darasani. Mkalimani akalitafsiri, mwalimu akanyamaza, likatafsiriwa tena, kisha mwalimu akasema kwa upole kwamba hawapangi watoto kwa nafasi. Nilikotoka, mzazi akishika ripoti, jicho lake hukimbilia kwenye ile namba, wa 6 kati ya 92, na kutokana na hiyo hujua acheke au anune. Hapa kulikuwa na alama kuanzia 4 hadi 10 kwa kila somo, ambapo 4 ni kushindwa, pamoja na maelezo ya mwenendo wa kujifunza. Mtihani wa taifa wa kumaliza shule ya msingi haupo hata mwisho wa darasa la 9. Mwalimu alipogeuza swali na kuniuliza mimi nina maoni gani, nilijibu kuwa sina, yeye ndiye mwalimu. Nilisema hivyo kwa heshima. Kwetu mzazi huenda shuleni anapoitwa, na akiitwa ujue kuna jambo.

Mawasiliano mengine yote yalipita katika programu inayoitwa Wilma, ambamo mwalimu huandika kazi za nyumbani, utoro, sifa na ujumbe kwa mzazi. Nilisoma kila kitu kwa msaada wa kamusi na kila mara nilijibu neno moja tu la shukrani. Sasa ninafahamu jinsi majibu yale yalivyosomeka: mzazi huyu ameridhika, nyumbani hakuna tatizo.

Tatizo lilikuwapo. Katika darasa la 5, kila Jumapili jioni, binti yangu alilalamika kuumwa kichwa, na nilipomdadisi akasema kwamba wakati wa mapumziko husimama peke yake karibu na ukuta. Sikumwambia mtu, nikihofia kuonekana mgeni asiye na shukrani. Wakati huohuo mwalimu aliandika kwamba kusoma kunamwelemea mtoto, na akapendekeza tathmini ifanywe ili apewe msaada ulioimarishwa, ngazi ya pili kati ya tatu za msaada wa shule, pamoja na vipindi vya mwalimu wa elimu maalumu. Nakiri kwamba nilikasirika. Kwa masikio yangu elimu maalumu ilimaanisha kitengo cha pembeni, na mtoto akishaingizwa humo hatoki. Mume wangu ndiye aliyeniambia niandike, kwa Kiswahili nikitaka, lakini niandike.

Nikaandika yote: kichwa, ukuta, na hasira yangu. Jibu lilikuja siku iliyofuata, na kabla ya wiki kwisha binti yangu alikuwa ameonana na mfanyakazi wa ustawi wa jamii wa shule. Baadaye nilikuja kujua kwamba huo haukuwa upendeleo, kwani sheria ya huduma za ustawi wa wanafunzi inatoa siku 7 za kazi za shule kwa mtoto kupata nafasi hiyo, na jambo la dharura hushughulikiwa siku hiyohiyo au inayofuata.

Kisha tukaitwa kikaoni. Mezani walikuwa mwalimu wa darasa, mwalimu wa elimu maalumu, mfanyakazi wa ustawi wa jamii, mkalimani na, kwa mshangao wangu, binti yangu mwenyewe, ambaye ndiye aliyeulizwa kwanza. Mtoto ambaye nyumbani hunyamaza wakubwa wakizungumza alieleza kwamba anaelewa mwalimu anapozungumza, lakini sura za kitabu cha historia ni ndefu, na anapofika mwisho amesahau mwanzo. Mimi mamake sikuwa nikilijua hilo. Pale pale wakaandika mpango: vipindi 2 kwa wiki katika kikundi kidogo, vitabu vilivyoandikwa kwa Kifini chepesi, ruhusa ya kujibu baadhi ya maswali ya mtihani kwa mdomo, na mtu mzima wa kuangalia mapumziko yake yanakwendaje. Waliniuliza kama ninakubali. Nilitaka kwanza kujua ni nani wengine wanaokwenda katika kikundi hicho, nikaambiwa kwamba mambo ya watoto wengine ni siri, ila wanaingia na kutoka kadiri ya mahitaji, na wengi wao wamezaliwa hapahapa. Nikakubali.

Kichwa cha Jumapili kilichukua miezi kadhaa kuisha. Kusoma kulikuwa kwepesi zaidi kuanzia majira ya kuchipua. Rafiki alimpata mahali ambapo mpango haukupataja, katika kipindi cha Kiswahili, kwa kuwa manispaa inaweza kufundisha lugha ya mama ya mtoto, kwa kawaida saa 2 kwa wiki, watoto wa kutosha wakipatikana, na kwetu walitosha kwa sababu ya familia zilizotoka Kongo. Wanabishana bado kama ni Kiswahili cha nani kilicho sahihi.

Agosti 2025 aliingia darasa la 7, ambako kila somo lina mwalimu wake na kuna somo la upishi na utunzaji wa nyumba kwa wavulana na wasichana wote. Mwezi huohuo sheria mpya ilifuta zile ngazi 3 za msaada nilizokuwa nimekwisha kuzikariri. Sikusubiri kuitwa. Niliandika ujumbe wa mistari minne kwa Kifini kwa mwalimu mpya, nikieleza vipindi vya kikundi kidogo vilimsaidiaje na nikiuliza vitaendelea vipi chini ya utaratibu huu. Binti yangu aliusoma begani kwangu, akasahihisha viambishi viwili, akaniambia nitume.