Behewa la 1926 lenye breki za 1933

Behewa langu la modeli lilikuwa limelala chali mezani, nafunga bogi ya pili (kitoroli chenye magurudumu manne) kwa skrubu, ndipo macho yangu yakatua kwenye breki. Ubavuni nilikuwa nimeshabandika maandishi ya kupimwa uzito yanayosomeka Mei 1926. Chini ya sakafu kulikuwa na breki za aina ya AB, vipande vyake vitatu vikiwa vimetengana: silinda, tangi la hewa lenye vyumba viwili, na vali. Huko Marekani breki za AB zililazimishwa kwa mabehewa mapya kuanzia Septemba 1933.

Lilikuwa behewa la mizigo la kipimo cha HO, yaani 1:87, la rezini iliyomiminwa katika kalibu za silikoni. Mfano wake halisi ni behewa la futi 40 lenye ukuta wa mbao wa safu moja, lililosanifiwa chini ya USRA, chombo cha serikali kilichoendesha reli za Marekani kuanzia mwisho wa 1917 hadi Machi 1920. Ya aina hiyo yaliagizwa 25,000, kila moja la kubeba tani 50. Mihimili ya chuma, ya wima na ya mshazari, iko nje, na mbao zimefungwa kwa ndani. Chuma hicho cha nje ndicho kinachobeba mzigo, mbao zinaziba tu. Kwa sababu hiyo mshazari uliopinda hata kwa nusu milimita huharibu sura nzima ya modeli: jicho linatarajia muhimili ulionyooka kwa sababu unafanya kazi.

Kazi ya awali ilikwenda vizuri. Niliosha vipande kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, maana mafuta ya kalibu yakibaki rangi haishiki. Ukuta mmoja ulikuwa umejikunja. Niliuchovya kwenye maji ya moto, nikaulaza juu ya kioo chini ya kitu kizito hadi ukapoa. Rezini ya ziada iliyobaki pembeni niliisugua kwa msasa uliolowa, nikiwa nimevaa barakoa, kwa sababu vumbi la rezini halifai kuingia mapafuni. Vishikio vya ngazi nilivikunja kwa waya wa shaba wa milimita 0.3, kila kimoja kikiingia katika tundu la biti namba 80, biti nyembamba sana ya kutobolea. Biti hiyo huvunjika ukiiegemeza upande, kwa hiyo unaizungusha kwa vidole tu, na kila mizunguko michache unaitoa kusafisha unga.

Kabla ya kufunga sakafu niliweka uzito. Pendekezo la NMRA, chama cha Marekani cha wapenzi wa modeli za reli, kwa HO ni aunsi 1 na kuongeza nusu aunsi kwa kila inchi ya urefu. Behewa langu la inchi 5.5 hivi lilitakiwa kufika gramu 106. Niligundisha nati za chuma juu ya bogi zote mbili, si katikati, kwa kuwa uzito ukiwa katikati peke yake sakafu ya rezini hulegea polepole.

Kosa liliingia hapo kwenye sakafu. Boksi lilikuwa na breki za aina mbili, K ya zamani na AB iliyoifuata, na karatasi ya dekali (maandishi ya kubandika) nayo ilikuwa na tarehe za vipindi viwili. Nilichagua breki siku moja na dekali wiki kadhaa baadaye, baada ya rangi, bila kuyaweka maamuzi hayo mawili kando kwa kando. Mabehewa yenye breki za K yaliendelea kuonekana hadi mwanzo wa miaka ya 1950, kwa hiyo K chini ya tarehe ya baadaye isingekuwa dhambi. Kinyume chake hakikubaliki.

Ningeweza kubadilisha tarehe. Ila bogi zilikuwa za aina ya Andrews, kama mabehewa halisi yalivyotoka kiwandani, na maandishi yote ubavuni yalikuwa ya miaka ya ishirini. Niliamua breki ndizo zitoke.

Gundi ya papo hapo ikipoa sana huwa inakatika ukiigonga. Nilivua bogi, nikafunga behewa ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha unyevu, nikaliweka kwenye friza saa moja. Kisha nikaingiza ncha ya wembe chini ya silinda na kuisukuma kwa ghafla. Ilitoka safi, na vali vivyo hivyo. Tangi lilikataa, na nilipokazana likang'oka na kipande cha sakafu. Shimo nililijaza kwa unga wa rezini uliochanganywa na gundi, nikalisawazisha kwa tupa ndogo likiwa bado halijakauka sana, kwa sababu likishakauka kabisa linakuwa gumu kuliko sakafu yenyewe.

Breki ya K niliyoweka ni ile ambayo silinda, tangi na vali vimeungana mstari mmoja, silinda mwanzoni na vali mwishoni. Wengi huigeuza. Fimbo ya pistoni hutoka kuelekea kichwa cha B, na kichwa cha B ndicho chenye usukani wa breki ya mkono. Ukilijua hilo huhitaji mchoro. Mabomba nayo yalipungua: kwenye AB vali inatoa mabomba mawili kwenda tangini na moja kwenda silindani, lakini kwenye K hewa ya silinda hupita ndani ya tangi lenyewe. Nilibaki na tawi moja kutoka bomba kuu hadi kwenye vali, na bomba jembamba la kwenda kwenye vali ya kuzuia hewa iliyo kichwani mwa behewa. Wenzo na fimbo nilivitengeneza upya, kwani vya AB havikufikia.

Nilipaka sakafu rangi kwa brashi, nikarudisha bogi zenye magurudumu ya milimita 9.6, nikapima kimo cha viungio vya kuunganishia mabehewa kwa geji ya kampuni ya Kadee. Cha upande wa B kilikuwa chini kwa unene wa karatasi mbili. Niliongeza washa (kipete bapa) moja nyembamba juu ya bogi ile na kulegeza skrubu yake robo mzunguko, ili bogi moja iweze kuyumba kidogo na nyingine igeuke tu bila kuyumba. Katika njia panda ya kwanza ya majaribio magurudumu yote manane yalibaki relini.