Kalsiamu kwenye niuroni: Fura-2 nimeiweka pembeni, Fura-FF imekubali

Hatimaye wimbi la pili la kalsiamu linaonekana na ukubwa wake halisi. Kilichokuwa kikilificha ni Fura-2, rangi ya kupimia ambayo mwanga wake hubadilika ikishika kalsiamu. Seli na hadubini havikuwa na tatizo.

Jaribio ni lilelile: niuroni za gamba la ubongo wa panya, siku ya 12 hadi 14 za kuoteshwa, zinapewa glutameti mikromola 100 na glisini mikromola 10 kwenye bafa isiyo na magnesi. Nje kuna kalsiamu milimola 2, ndani ya seli tulivu nanomola 100 hivi. Vipokezi vya NMDA (milango ya kalsiamu inayofunguliwa na glutameti) vikifunguka, kalsiamu inapanda, inashuka kiasi, inatulia, kisha inapanda tena moja kwa moja. Baada ya hapo seli haiponi. Kile kipindi cha utulivu katikati ndicho chenye thamani kwa yeyote anayejali kiharusi, maana seli bado iko hai.

Sasa tatizo. Kd ya Fura-2, yaani kiwango cha kalsiamu kinachojaza nusu ya rangi, ni nanomola 224. Kalsiamu ikifika mikromola 10, rangi imeshajaa asilimia 98. Ikifika 50, asilimia 99.6. Ni sawa na kupima gunia la mahindi kwa mzani wa kilo 5. Uwiano (R) wa mwanga rangi ikiangazwa kwa nanomita 340 na 380 unagusa Rmax, uwiano wa rangi iliyojaa; ile (Rmax − R) ya chini kwenye fomula ya kugeuza uwiano kuwa kalsiamu inakaribia sifuri, na kelele kidogo tu ya kamera inazaa namba za ajabu. Ndiyo maana mawimbi yote mawili yalionekana na kimo kimoja!

Fura-FF ina Kd ya mikromola 5.5 hivi: kwenye mikromola 10 imejaa asilimia 65, kwenye 50 asilimia 90. Nafasi ya kupima ipo. Hasara yake ni kwamba kiwango cha seli tulivu hakionekani kabisa, na naikubali. Mag-fura-2, rangi nyingine ya aina hii, siishauri hapa: inashika magnesi pia, na ATP (nishati ya seli) inapokwisha magnesi iliyokuwa imeshikwa nayo inaachiwa, kwa hiyo utasoma kalsiamu isiyokuwepo.

Kupakia: rangi ya AM (esta inayopenya utando wa seli) mikromola 5, Pluronic F-127 ya kusaidia rangi iyeyuke asilimia 0.02, dakika 30 kwenye joto la chumba. Kwa nyuzi 37 rangi nyingi huishia ndani ya mitokondria. Kisha dakika 30 bila rangi, esta zikatwe. Piga pia picha karibu na nanomita 360, ambapo mwanga hautegemei kalsiamu: mwanga ukififia polepole, rangi inaungua, ukiporomoka ghafla, utando umetoboka, na uwiano wowote baada ya hapo utupwe. Bafa ya Rmax isiwe na fosfati, la sivyo kalsiamu milimola 10 inaganda kuwa ukungu mweupe. Na kabla ya kununua lenzi, hakikisha inapitisha 340; nyingi nzuri za bei kubwa hazipitishi.

Kizuizi cha kalpaini, kimeng'enya cha kukata protini kinachoamshwa na kalsiamu, ndicho kilipaswa kufuata. Kitasubiri, kwa sababu Fura-FF inaacha nafasi ya rodamini 123, rangi ya kufuatilia chaji ya mitokondria, kwenye nanomita 488, na swali la kipi kinaanza, mitokondria kupoteza chaji au kalsiamu kupanda, haliniachii nafasi. Picha kila sekunde 30 hazitoshi kulijibu. Nashusha hadi 5, mwanga robo, pikseli zikiunganishwa 2×2, na FCCP (dawa inayoondoa chaji ya mitokondria) mikromola 1 mwishoni kuona chaji iliyobaki.