Albamu ya vijana wa Upplands Väsby

Wiki hii nimesikiliza albamu moja tu: ile ya kwanza ya H.E.A.T, ya 2008, iliyobeba jina la bendi yenyewe. Naenda nayo kazini asubuhi, narudi nayo jioni kwenye foleni ya Jogoo Road, na usiku vyombo vikishaoshwa naiweka tena kwenye spika ndogo iliyo juu ya kabati. Mama amezoea. Jana aliuliza tu kama hao Wazungu hawachoki kufurahi kwa sauti kubwa hivyo. Nikamwambia hawachoki, Mama, na ndiyo sababu nawapenda.

H.E.A.T ni bendi ya Uswidi. Ilianza 2007, bendi mbili za vijana zilipoamua kuungana, na mwaka uliofuata albamu ikawa tayari. Walikuwa sita: Kenny Leckremo akiimba, Eric Rivers na Dave Dalone kwenye magitaa, Jona Tee kwenye kinanda, Jimmy Jay kwenye besi, na mpiga dramu anayejiita Crash. Kwao ni Upplands Väsby, mji ulioko kaskazini mwa Stockholm, na mtu anayeipenda rock ya miaka ya themanini akisikia jina hilo lazima ainue kichwa, kwa sababu Europe nao walitoka hapo hapo. Europe walianza 1979 wakiitwa Force. Mwaka 1982 walibadilisha jina, wakashinda shindano la bendi changa linaloitwa Rock-SM, na zawadi yao ikawa kurekodi albamu, ndiyo iliyotoka 1983. Mnamo 1986 wakatoa The Final Countdown, ule wimbo ambao mwanzo wake wa kinanda unatambuliwa hata na watu wa mtaani kwetu ambao hawajawahi kujua ni wa nani.

Nataja huo mwanzo wa kinanda kwa sababu ndio mlango nilioingilia mimi. Mimi hupiga kinanda kanisani, hapa Umoja, Nairobi, na wapiga kinanda tuna tabia ya kusikia wimbo kuanzia katikati, pale vidole vinapokaa, kabla ya kusikia maneno. Ile sauti ya Europe ilitengenezwa kwa kuchanganya ala mbili, Roland JX-8P na Yamaha TX816, ikatoka kitu kinachofanana na matarumbeta ila hakuna tarumbeta lolote duniani linalolia hivyo. Yamaha walikuwa wameshatoa kinanda chao cha DX7 mwaka 1983, na baada ya hapo karibu kila studio kubwa ikawa na sauti zake. Sauti hizo hazikufa. Ziliingia kwenye vinanda vya bei nafuu, vikasambaa dunia nzima, na leo ukiingia kanisa lolote la Eastlands wakati wa sifa utasikia matarumbeta ya namna ile yakijibu waimbaji. Nimeyapiga Jumapili baada ya Jumapili. Ndiyo maana nilipomsikia Jona Tee kwa mara ya kwanza sikuhisi nasikia kitu cha ugenini. Nilihisi namsikia mwenzangu wa kazi.

Sauti ya pili ya miaka ile ni ya dramu. Wengi wanaijua kwa masikio tu bila kujua ilikotoka. Phil Collins alikuwa London akimpigia dramu mwimbaji Peter Gabriel kwenye albamu iliyotoka 1980, fundi mitambo akiwa Hugh Padgham. Studioni kulikuwa na maikrofoni iliyowekwa kwa ajili ya mafundi kuwasikia wanamuziki wakiongea tu, na mtambo wake ulikuwa umewekwa ubane sauti kubwa na kuinua ndogo. Collins akapiga dramu maikrofoni hiyo ikiwa wazi. Ikatoka sauti pana, nzito, na Padgham akaongeza kifaa cha kuukata mwangwi ghafla kabla haujafifia wenyewe. Mlio unakuja mkubwa, kisha kimya, kama mlango uliobamizwa na upepo. Muongo mzima ukaufuata mlio huo. Msikilize Crash kwenye albamu hii ya 2008 na utakuta bado upo, umepunguzwa kidogo, umesafishwa, lakini upo.

Halafu kuna sauti za kuitikia. Hapa ndipo ninapowaheshimu zaidi. Korasi ya rock ya namna hii haiimbwi na watu watano wakasimama mbele ya maikrofoni basi. Sauti moja inarekodiwa, inarudiwa juu yake yenyewe, inarudiwa tena kwa noti ya juu, tena kwa ya chini, mpaka watu wachache wanakuwa umati. Mzalishaji Mutt Lange alilifikisha jambo hili mbali sana alipofanya kazi na bendi ya Def Leppard kwenye albamu zao za 1983 na 1987. Mtu akikwambia muziki huu ni rahisi, mwambie ajaribu kuimba noti ileile mara kumi bila kupotoka, kwa pumzi ileile, na herufi ya mwisho ya neno ikatike mahali palepale. Kwaya yetu ina watu wazuri sana, na bado herufi ya mwisho hututoroka kila Jumapili.

Mtoto wa dada yangu, aliye sekondari na anayejifundisha gitaa, ameisikia albamu hii wiki nzima kwa sababu amekuja kukaa nasi likizo. Alhamisi aliniuliza, "Anti, hawa ni wa enzi zenu?"

"Hapana. Ni wa 2008."

"Sasa mbona wanajifanya wa zamani?"

Nimelifikiria swali hilo siku mbili, kwa sababu hakuuliza kwa dharau. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua kama inaruhusiwa. Yeye mwenyewe anapenda vitu ambavyo wenzake shuleni wanaviita vya wazee, na nafikiri alikuwa akiuliza kwa niaba yake pia.

Nilichomwambia jioni hii ni kwamba anayejifanya huchukua vya juu juu. Huchukua nywele, suruali za kubana, pozi la picha. Vijana hawa walichukua kazi yenyewe: namna ya kujenga ubeti ili korasi ifunguke, namna ya kumwachia mpiga gitaa nafasi aimbe na nyuzi zake, namna ya kupanga sauti. Kazi haina mwaka. Hapa kwetu hatumuulizi kijana anayepiga benga, muziki wetu wa magitaa, kwa nini anapiga mtindo uliozaliwa kabla ya baba yake. Gitaa la benga linaupokea mstari wa mwimbaji na kuurudia, halafu waimbaji wananyamaza na magitaa yanashika kasi yenyewe, na watu wote ukumbini wanajua kuwa sasa ndipo tulipokuwa tukielekea. D. O. Misiani alifanya hivyo na Shirati Jazz, na anayefanya hivyo leo kwenye baa ya River Road hajifanyi Misiani. Anapiga benga.

Nikamkumbusha pia kwamba njia hii haikuwa ya upande mmoja. Mwaka 1968 The Tremeloes, bendi ya Uingereza, waliuchukua wimbo wa Daudi Kabaka, Helule Helule, uliotoka hapa Nairobi, wakauimba na ukaingia katika nyimbo ishirini bora za kwao. Alishangaa. Akataka kuusikia wa Kabaka papo hapo, na tukausikiliza, na Mama akatoka jikoni akiwa na mwiko mkononi kwa sababu huo anaujua wote.

Basi nirudi kwa H.E.A.T. Sitaki kuisifu albamu hii kuliko inavyostahili. Maneno yake ni mepesi. Ni mapenzi, ni usiku, ni kushikilia ndoto, na ukiyasoma bila muziki hayasimami vizuri. Katikati kuna mahali ambapo nyimbo mbili tatu zinakaribiana mno kwa mwendo, na ningekuwa mimi ningezitenganisha kwa kitu cha polepole mapema zaidi. Lakini kila wimbo una korasi inayokumbukwa. Kila mmoja. Jambo hilo ni gumu kuliko linavyoonekana, na bendi nyingi zenye maneno mazito kuliko haya zimeshindwa kulifanya hata mara moja.

Nina mapenzi ya pekee na albamu za kwanza. Ya pili huandikwa kwa haraka, kampuni ikisubiri. Ya kwanza ina nyimbo zilizokaa miaka chumbani zikibadilishwa. Napenda sana habari ya Tom Scholz wa bendi ya Boston. Alikuwa mhandisi, kazi ya mchana akifanya Polaroid, na sehemu kubwa ya albamu yao ya 1976 aliirekodi chini ya nyumba yake mwenyewe, akirudia gitaa juu ya gitaa mpaka akaridhika. Albamu hiyo iliuzwa kwa mamilioni, lakini kinachonigusa ni zile jioni zake baada ya kazi. Jon Bon Jovi naye alikuwa akifanya kazi ndogondogo kwenye studio ya binamu yake huko New York, akarekodi mwaka 1982 wimbo uliokuja kumtoa akiwa na wanamuziki wa kukodi, kabla hata bendi haijakamilika, na albamu yao ya kwanza ikatoka Januari 1984. Watu hawa walikuwa na muda mchache na hamu kubwa. Unaisikia hamu hiyo, na kwenye albamu ya H.E.A.T unaisikia waziwazi: Leckremo anaimba mistari mingine juu kuliko inavyohitajika, kwa sababu tu anaweza na ana furaha kwamba anaweza. Mzalishaji mwenye uzoefu zaidi huenda angemzuia. Nashukuru hakuzuiwa.

Jioni hii stima ilirudi saa moja, tukaweka kinanda kwenye meza ya kulia chakula na kijana akaunganisha gitaa lake kwenye spika ya kanisa niliyoazima. Mkanda wa gitaa ameushona mwenyewe kwa kipande cha leso ya Mama, ile nyekundu yenye korosho, na ameukunja mara mbili mahali unapogusa bega. Tulichukua korasi moja tu. Nilimwonyesha jinsi ubeti unavyokaa chini, gitaa likikwaruzwa kwa kiganja kilichowekwa juu ya nyuzi ili sauti isitoke yote, halafu kiganja kinainuliwa kwenye mpigo wa kwanza wa korasi. Hapo ndipo wimbo unapofunguka, na inatoka kwenye mkono wa kulia tu, bila kuongeza sauti ya spika hata kidogo. Alirudia kukosea wakati wa kuinua. Alikuwa akiinua mapema, kwa pupa. Nikamwambia asikilize besi ya mkono wangu wa kushoto na ainue nikishuka.

Alipoipata, aliipata kabisa. Tukaipiga tena na tena, kisha nikampandishia ki ya wimbo, yaani kimo cha sauti, kutoka D hadi E bila kumwambia, vile tunavyofanya kanisani watu wakishasimama. Mkono wake ulitafuta kidogo tu, kisha ukafika. Alicheka kwa sauti. Jirani wa juu aligonga sakafu, na nafikiri alikuwa akigonga kufuata mpigo, maana alinyamaza tuliponyamaza na akaanza tulipoanza.

Nairobi ina bendi zake za rock, na nyingi zinaelekea upande mzito zaidi, wenye hasira zaidi, na hasira hiyo ina sababu zake katika mji huu. Mimi natamani pia iwepo moja inayokwenda upande huu wa korasi pana na kinanda, ikiimba kwa Kiswahili. Kiswahili kinafaa korasi za namna hii kuliko tunavyodhani. Maneno yetu yanaishia kwenye irabu, na irabu ndiyo inayobebeka juu ya noti ndefu. Leckremo anahangaika na konsonanti za Kiingereza mwishoni mwa mistari. Mwimbaji wetu angefungua mdomo tu. Nimeanza kuandika ubeti mmoja nyuma ya daftari la nyimbo za kwaya. Una kituo cha Donholm ndani yake, na mvua.

Leckremo aliondoka kwenye bendi 2010, baada ya albamu ya pili. Nafasi yake ilichukuliwa na Erik Grönwall, aliyekuwa ameshinda shindano la Idol la Uswidi mwaka 2009, na yeye akaimba albamu nne, nyingine nzuri mno. Naye alipoondoka 2020, wakamwita Leckremo, akakubali, na mwaka 2022 wakatoa albamu ya Force Majeure. Sijaigusa bado. Nilitaka kwanza kuijua sauti yake ya ujana vizuri, noti kwa noti, ili nitakapomsikia aliyerudi nijue amebaki na nini na ameacha nini. Kijana anasema tuisikilize kesho baada ya ibada. Nimekubali, ila ameniahidi atafanyia mazoezi ule mkono wa kulia kabla ya chakula.