Nilivyokadiria bei ya chenso kuukuu mjini Moshi

Anayeuza chenso (msumeno wa injini) kuukuu mkoani Kilimanjaro huanza na historia yake: kwamba ni ya Kijerumani, kwamba imeangusha misonobari ya West Kilimanjaro miaka nenda miaka rudi, na kwamba za siku hizi ni plastiki tupu. Huenda yote ni kweli, lakini mtu anayetaka kukata mikaratusi na migrevilea ya kihambani, yaani shamba la nyumbani, kama nilivyotaka mimi, halipii historia. Ulaya na Marekani wapo wakusanyaji wanaotoa fedha nyingi kwa msumeno mkongwe ili waung'arishe na kuuweka rafuni. Huku kwetu, siku nikitaka kuuza, mnunuzi atakuwa mpasua mbao, naye ataitazama mashine kwa jicho lile lile nililoitazama mimi.

Kabla ya kwenda kuona mashine yoyote nilizungumza na wapasua mbao wa Kiboriloni na Uru, nikawauliza wangelipa kiasi gani kwa chenso kubwa iliyotumika, ambayo unaiwasha na kuingia nayo kazini siku hiyo hiyo. Majibu yao yalizunguka kwenye laki saba, nami nikaichukua kuwa bei ya juu kabisa, ambayo kila ubovu nitakaouona ungepunguza. Bei ya mpya ya dukani sikuitumia hata kidogo, kwa sababu hiyo ndiyo muuzaji hupenda kuanzia ili bei yake ionekane ya huruma.

Jambo la kwanza nililolipima halikuwa hali ya mashine, bali upatikanaji wa spea. Jijini Arusha nilioneshwa McCulloch ya zamani, safi, yenye injini iliyobana vizuri kuliko nyingine zote nilizowahi kuvuta kamba yake. Kampuni ya awali ya Marekani iliyoitengeneza ilifilisika mwaka 1999, jina likaenda kwa wengine, na hakuna fundi niliyemjua aliyeweza kunitajia duka lenye pistoni wala koili yake. Mashine ya namna hiyo ni nzima mpaka siku itakapoharibika, na siku hiyo inakuwa chuma chakavu. Nilimshukuru mwenyewe na sikutaja bei yoyote.

Niliyoinunua ni Stihl 070, ya mzee mmoja wa Kibosho. Hii ni ya ukoo wa Contra, chenso ya Stihl iliyotoka mwaka 1959. Injini yake ni ya sentimita za ujazo 106, uzito wake unazidi kilo 10 kabla ya kufungwa bapa la kubebea mnyororo, na haina breki ya mnyororo. Kwa kuwa imeigwa sana viwandani China, spea zake za bei nafuu zimejaa, jambo ambalo kwa mnunuzi lina faida na hasara. Faida ni kwamba haitakufa kwa kukosa sili (mipira ya kuziba hewa) au kit ya kabureta. Hasara ni kwamba unaweza kuuziwa ya kuiga kwa bei ya asili, au ya asili iliyobadilishwa silinda. Kwa maoni yangu silinda ya asili iliyochakaa kidogo ni bora kuliko mpya ya kuiga.

Nilimwomba mzee asiiwashe kabla sijafika, kwa kuwa injini iliyopashwa moto huficha mengi, na nilipofika nilianza kwa kugusa silinda kuhakikisha ni ya baridi. Kisha nilifungua ekzosi na kumulika ndani kwa tochi ya simu, huku nikivuta kamba polepole ili pistoni ipite mbele ya tundu. Michirizi ya wima kwenye pistoni ingemaanisha kwamba injini iliwahi kukosa oili ikashika, na hapo ningepunguza kwenye bei gharama ya silinda nzima. Uso wake ulikuwa laini. Nilimuuliza mzee anachanganyaje mafuta, naye badala ya kujibu alileta chupa yenye alama mbili zilizokwaruzwa kwa kisu, moja ya petroli na moja ya oili. Niliipima baadaye nikakuta ni karibu mililita 40 kwa lita, yaani moja kwa ishirini na tano, uwiano unaozifaa injini hizi za zamani. Chupa ile ilinishawishi kuliko maneno yake yote.

Kasoro zilijitokeza ilipowaka. Nilipoachia mafuta mlio haukushuka mara moja, na nilipoilaza upande wa kushoto ikiwa saileni, yaani inazunguka taratibu bila kupewa mafuta, mzunguko ulipanda wenyewe. Dalili hizo kwa pamoja humaanisha hewa inaingia mahali isipotakiwa, mara nyingi kwenye sili za kranki, mhimili mkuu wa injini, na mashine ikiendelea kutumika hivyo pistoni itaungua. Meno ya sproketi, gurudumu linaloendesha mnyororo, yalikuwa yameliwa, na mifereji ya bapa ilikuwa imepanuka kiasi kwamba mnyororo uliyumba kwa kidole. Mnyororo wenyewe niliupima kwa rula: kutoka ripiti ya kwanza hadi ya tatu ilikuwa zaidi kidogo ya milimita 20, na kwa kuwa kipimo cha mnyororo ni nusu ya umbali huo, maana yake ni ule wa inchi 0.404, ambao ni ghali kuliko ule wa kawaida. Pampu ya oili ilikuwa nzima, kwani nilipoelekeza ncha ya bapa kwenye boksi jeupe ikachora mstari.

Mzee alitaka laki nane na nusu. Nilimwambia, "Mzee wangu, injini yako umeitunza, na hilo sibishani nalo, ila nikuoneshe ninachoenda kununua kesho." Nikaandika mbele yake: sili na gasketi 45,000, kit ya kabureta 25,000, bapa na mnyororo 170,000, sproketi 30,000, ufundi 60,000. Jumla ni 330,000, na ukiitoa kwenye laki saba inabaki 370,000. Alinyamaza, akaipitia orodha kwa kidole, akasema, "Kijana wangu, ya ufundi umeongeza." Huenda ni kweli. Tulikubaliana 390,000, akaniongezea faili na plagi mbili mpya.

Nilitaka karatasi, ingawa mzee aliona ni usumbufu. Chenso huibwa sana mashambani, na anayekutwa nayo bila maelezo hujikuta akijieleza polisi. Tuliandikiana hati ya mauziano mbele ya mwenyekiti wa kitongoji, yenye jina la mashine, namba iliyogongwa kwenye bodi, kiasi nilicholipa na kasoro zote nilizokuwa nimezitaja.