Nilivyoishi na ualimu wa muda wa chuo kikuu: siasa za kimataifa na mazingira

Tangazo la kazi ya ualimu wa muda karibu kila mara hutoka dakika za mwisho. Mwenye kozi amepata fedha za utafiti, au yuko likizo ya uzazi, au amepewa cheo cha utawala. Wanafunzi wameshajisajili, ratiba imeshabandikwa, na hakuna wa kusimama mbele yao. Ndipo inaandikwa mistari michache: anahitajika mhadhiri wa muda, siasa za kimataifa na mazingira, muhula mmoja, malipo kwa saa. Nimefundisha hivyo kwa miaka kadhaa, vyuo tofauti. Vijana waliomaliza uzamili au wanaosubiri kutetea tasinifu huniuliza kazi hizi zinapatikanaje. Mimi nasema kuzipata si kazi kubwa kuliko kuzifanya bila kumalizwa nazo, ila nitaanza na kuzipata.

Mkuu wa idara anayetangaza nafasi wiki chache kabla ya muhula hatafuti nyota wa utafiti. Ana pengo kwenye ratiba na anataka lizibwe na mtu asiyemletea kesi. Kwa hiyo barua yangu ya maombi niliifanya fupi, na badala ya muhtasari wa tasinifu nikaambatisha ukurasa mmoja wa kozi yenyewe: wiki baada ya wiki, mada, la kusoma, la kuandika. Alinipigia simu mtu ambaye nina hakika wasifu wangu hakuufungua.

Fani hii nayo ina kero yake, na kero hiyo ndiyo nafasi. Imekaa mpakani. Waliotoka uhusiano wa kimataifa wanajua dola, mamlaka na vita, lakini wakiulizwa kwa nini methani huhesabiwa tofauti na kaboni dioksidi wanaanza kutazama dirishani. Waliotoka sayansi ya mazingira wanaijua methani vizuri sana, lakini hawana la kusema kuhusu nchi inayotia saini mkataba leo na kuukalia miaka bila kuuridhia. Mimi nilitoka upande wa kwanza. Nilichofanya ni kusoma muhtasari ambao IPCC, jopo la kimataifa la wanasayansi wa tabianchi, huwaandikia watunga sera, mmoja baada ya mwingine, hadi nikaweza kueleza mchoro wowote uliomo bila karatasi mkononi. Haikunifanya mwanasayansi, ila ilitosha nisiaibike.

Kwenye usaili nilipewa dakika 20 nifundishe mbele ya jopo: kwa nini Itifaki ya Montreal, ya kuondoa kemikali zinazoharibu ozoni, ilifaulu, na ya Kyoto, ya kupunguza gesi zinazoipasha dunia joto, ikasuasua. Ni swali linaloulizwa kila mahali, na jibu linalotolewa kila mahali ni kwamba dunia iliona tundu la ozoni, ikaogopa, ikatia saini. Miaka inaelekea kukubaliana na hadithi hiyo, maana tundu liliripotiwa 1985 na itifaki ikapitishwa Septemba 1987. Lakini hofu haimlipi mtu anayetengeneza friji. Nilianzia kwenye mambo yasiyo na mvuto. Kemikali zile zilitengenezwa na kampuni chache, na mbadala wake ulikuwa njiani. Nchi iliyobaki nje ya itifaki ilibanwa isifanye biashara ya kemikali hizo na wanachama. Nchi zinazoendelea zilipewa miaka 10 ya ziada, kisha 1990 ukaundwa mfuko wa kuzilipia gharama za kubadilisha mitambo. Kufikia 2009 kila nchi mwanachama wa Umoja wa Mataifa ilikuwa imeridhia, jambo ambalo hakuna mkataba wa Umoja wa Mataifa uliokuwa umelifikia kabla ya hapo.

Kyoto ya 1997 ilikuwa na kibarua kigumu zaidi. Kaboni haitoki kwa kampuni chache. Iko kwenye umeme, usafiri, saruji na mashamba. Tena Julai ya mwaka huohuo, miezi kabla itifaki haijapitishwa, Seneti ya Marekani ilishaazimia kwa kura 95 kwa 0 kwamba haitaki mkataba unaoibana Marekani na kuziacha nchi zinazoendelea bila viwango. Itifaki ikangoja mpaka Urusi iridhie ndipo ikaanza kutumika Februari 2005, na Kanada ikatangaza kujitoa 2011. Binafsi naona Kyoto inasemwa vibaya kupita kiasi. Mazoea ya nchi kuhesabu gesi zake na kuzitolea taarifa kwa utaratibu mmoja yalikomaa humo, na makubaliano ya tabianchi ya Paris ya 2015 yameyategemea. Nililisema hilo mbele ya jopo, na profesa mmoja akanikatalia waziwazi. Tukabishana mpaka muda ukaisha. Nadhani ubishi ule ndio ulionipa kazi, kwa sababu niliweza kukataa bila kumpandishia sauti.

Sasa mkataba. Malipo kwa saa maana yake ni saa za darasani, na hapo ndipo watu wengi huumia kimyakimya. Kozi mpya hunila saa nne au tano za maandalizi kwa kila saa moja ya mhadhara. Ongeza kusahihisha, kukaa ofisini kuonana na wanafunzi, kutunga mtihani, kutunga wa marudio, kuhudhuria kikao cha kupitisha matokeo. Ukigawa malipo kwa saa zote hizo, kiwango kilichoonekana cha heshima kwenye tangazo kinakuwa cha kusikitisha. Kwa hiyo kabla ya kusaini huandika barua pepe ya upole yenye maswali: kati ya hayo, lipi limo kwenye kiwango cha saa na lipi linalipwa pembeni? Mkuu mmoja wa idara alinijibu kwa simu, "Mwalimu, hayo yote yamo humohumo." Nikamwambia, "Sawa, Profesa, naomba tu uniandikie hivyohivyo." Barua ilipokuja, usahihishaji ulikuwa umetengwa na kulipwa kwa karatasi. Hakuna aliyekusudia kunidhulumu; hakuna aliyekuwa amewahi kukaa akaliandika.

Jingine ninalouliza ni nani mwenye slaidi na maswali niliyoyatunga muhula ukiisha, na akaunti yangu ya chuo itafungwa lini. Chuo kimoja kilinifungia barua pepe na maktaba siku ileile mkataba ulipokwisha, wakati wanafunzi bado walikuwa na haki ya kuomba alama zao zipitiwe. Maombi yakawa yanaingia kwenye sanduku lisilofunguka, na mimi nikatafutwa kwa simu binafsi na watu waliodhani nimewapuuza. Tangu hapo kila nikitungacho hukaa kwangu kwanza, halafu nakala ndiyo inakwenda kwenye mfumo wa chuo.

Orodha ya kusoma nayo nimeijenga kwa hesabu hiyohiyo. Sitegemei majarida yanayofunguka kwa nywila ya maktaba nisiyokuwa na hakika nayo. Mikataba yenyewe ni bure, maamuzi ya mikutano ya nchi wanachama ni bure, na taarifa za kila siku za Earth Negotiations Bulletin, inayofuatilia mazungumzo ya mazingira tangu 1992, ni bure pia. Mwanafunzi anayesoma maandishi ya mkataba kwa jicho lake anaelewa kuliko yule aliyesoma uchambuzi wa uchambuzi. Nadharia siiachi. Makala ya 1968 ya mwanaekolojia Garrett Hardin, aliyesema mali ya wote huishia kuharibiwa na wote, naipa wiki yake, na mwanasayansi wa siasa Elinor Ostrom namweka wiki hiyohiyo amjibu kwa mifano ya jamii zilizojitungia kanuni na kuzisimamia. Sijawahi kuona haja ya kuwatenganisha.

Kilichoniwezesha kuendelea ni kujenga kozi moja na kutembea nayo. Mara ya kwanza ni hasara, hakuna namna ya kulikwepa hilo. Mara ya tatu, maandalizi ya mhadhara hushuka chini ya saa moja, na hapo ndipo malipo huanza kuwa na maana. Idara zikinipa jina tofauti la kozi, nabadili utangulizi na wiki mbili tatu. Uti wa mgongo unabaki uleule, yaani igizo la mazungumzo linalochukua nusu ya pili ya muhula.

Igizo lenyewe liko hivi. Kila mwanafunzi anapewa nchi, na sikubali mtu achague anayoipenda. Anaandika waraka wa msimamo wa ukurasa mmoja, kisha anaingia kwenye kundi lake: visiwa vidogo, Kundi la Afrika, Umoja wa Ulaya, au G77 na China, yaani kundi kubwa la nchi zinazoendelea ambalo visiwa vingi navyo vimo. Naweka ubaoni sentensi moja kuhusu fedha za hasara na uharibifu, yaani za kuzisaidia nchi zilizoumizwa na mabadiliko ya tabianchi: "Nchi zilizoendelea [zitatoa] [zinahimizwa kutoa] fedha [mpya na za ziada] kwa nchi [zinazoendelea] [zilizo hatarini zaidi]." Kilicho ndani ya mabano hakijakubaliwa. Kazi yao ni kuyaondoa mabano. Dakika kumi za mwanzo kila mmoja anahutubia kana kwamba kuna kamera. Halafu mwakilishi wa visiwa anagundua kwamba mpinzani wake yuko ndani ya G77 yake mwenyewe, maana kundi lile lina nchi 134, wauzaji mafuta wakiwemo, na neno "zilizo hatarini zaidi" linawatoa wenzake wengi kwenye foleni ya fedha. Chumba kinabadilika. Watu wanasogeza viti, wananong'ona mlangoni.

Lazima atatokea mmoja wa kuuliza, "Mheshimiwa Mwenyekiti, kwa nini tusipige kura tu?" Hapo ndipo nawaeleza jambo ambalo kwenye mhadhara wa kawaida lingewasinzisha: mkataba wa tabianchi wa 1992 haujawahi kukubaliana juu ya kanuni ya kupiga kura. Kanuni za utaratibu zinatumika kama rasimu mkutano baada ya mkutano, isipokuwa ile ya kura, kwa hiyo kila kitu hupitishwa kwa maafikiano. Nchi za visiwa zilileta wazo la kufidiwa tangu 1991, kabla mkataba wenyewe haujatiwa saini. Mfuko wa hasara na uharibifu ukaamuliwa Sharm el-Sheikh mwaka 2022. Wakiwa wametoka kuhangaika saa nzima na sentensi moja, hawashangai tena kwa nini ilichukua miaka zaidi ya 30.

Igizo linanipunguzia pia mzigo wa kusahihisha, na sioni haya kulisema. Waraka wa ukurasa mmoja nausahihisha kwa fomu yenye vipengele vinne: maslahi ya nchi, ushahidi, washirika, kile isichoweza kukikubali. Nao mwanafunzi lazima autetee kwa mdomo mbele ya wenzake. Tangu programu za akili mnemba zianze kuwaandikia wanafunzi insha, utetezi huo umekuwa na thamani zaidi. Waraka mzuri ambao mwenyewe hawezi kujibu swali la pili juu yake hujulikana mara moja, na wanaoutambua kwanza ni wanafunzi.

Ualimu huu pekee haunilishi. Naupanga uangukie siku mbili za juma, na siku zilizobaki nafanya uhariri wa ripoti na kazi za ushauri. Barua za mapendekezo kwa wanafunzi naandika, japo hakuna anayezilipia. Hizo sijawahi kuweza kuzikataa. Vikao vya idara visivyonihusu nimeacha kwenda.

Muhula huu nimeongeza wiki moja ya maoni ya ushauri ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki yaliyotolewa Julai 2025 kuhusu wajibu wa nchi katika mabadiliko ya tabianchi. Safari ya kesi hiyo ilianzishwa mwaka 2019 na wanafunzi 27 wa sheria wa Chuo Kikuu cha Pasifiki ya Kusini, ikabebwa na serikali ya Vanuatu, nchi ya visiwa ya Pasifiki, hadi Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, lililolipitisha ombi hilo Machi 2023. Nikiitaja idadi ile, darasa huanza kuhesabiana.

Idara imeniomba nichukue pia kozi ya diplomasia kuanzia muhula ujao, kwa kiwango kilekile cha saa. Nimewajibu kwamba naipenda, na kwamba kozi mpya inahitaji malipo ya maandalizi kwa mara ya kwanza. Nimewatumia na ukurasa mmoja wa mada za kila wiki. Bado hawajajibu.